Ekzosi inayovuja kwenye pikipiki kuukuu: itafute, ifungue, izibe

Asubuhi pikipiki ikiwa baridi, isukume hadi nje, piga kiki, kisha usikilize sekunde 30 za mwanzo bila kugusa mafuta. Kama kuna mahali ekzosi inavuja, hapo ndipo itajitangaza: tfu, tfu, tfu, mlio mkavu unaofuatana na kila mlipuko wa injini, kama mtu anayetema mbegu. Injini ikipata moto chuma hutanuka, ufa hujibana, mlio hupungua au hupotea kabisa. Ndiyo maana ukiipeleka gereji saa sita mchana, baada ya kuiendesha kilomita kumi, fundi anaweza kukuambia haoni tatizo.

Ninaandika nikiwa na Honda CG125 akilini, kwa sababu ndiyo niliyoifungua mara nyingi, na kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na mizigo kwetu zimejengwa kwa umbo la injini hiyo hiyo iliyotoka mwaka 1976. Silinda moja, bomba moja linalotoka mbele ya hedi (kile kichwa cha alumini kilicho juu ya silinda), linapita chini upande wa kulia na kuishia kwenye tumbo, ile sehemu nene ya nyuma. Boxer, TVS na nyinginezo za silinda moja zinatofautiana kwa vitu vidogo, lakini kazi ni ile ile.

Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo, maana mwongozo wote unalizunguka. Moshi unavuja mbele, kwenye hedi, lakini mara nyingi ugonjwa umeanzia nyuma, kwenye bolti inayoshikilia tumbo la ekzosi kwenye fremu. Bolti hiyo ikilegea au breketi ikikatika, uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye stadi mbili nyembamba za mbele, yaani vile vijiti vyenye nyuzi vilivyochomekwa kwenye hedi. Kila shimo la barabara linazitikisa. Gasketi, ile pete ya kuziba kati ya bomba na hedi, inasagika, nati zinalegea, moshi unatoka. Mtu anakaza nati za mbele, wiki mbili moshi umerudi, anakaza tena kwa nguvu zaidi, na siku moja stadi inakatika. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, shika tumbo la ekzosi kwa mkono injini ikiwa baridi na ulitikise. Likicheza, umeshaanza kupata jibu.

Kwanza, usalama

Wengi wetu tunalaza pikipiki ndani, sebuleni au koridoni, kwa hofu ya wezi. Usiiwashe humo ndani asubuhi, hata kwa dakika moja, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Ekzosi inayovuja haiongezi sumu hiyo, ila inaimwaga mbele, karibu na uso wako, badala ya kuipeleka nyuma. Majaribio yote yafanyie nje.

Bomba la pikipiki iliyotoka barabarani linaunguza ngozi kwa kuligusa tu. Kama kuna watoto nyumbani, subiri mpaka walale au mpe mtu kazi ya kuwaangalia.

Tafuta panapovuja

Anza na macho. Moshi unaovuja huacha masizi, kwa hiyo angalia pale flanji, lile bamba linalobanwa na nati za mbele, inapokutana na hedi. Ukiona mstari mweusi au kahawia umejichora kwenye alumini, kama miale inayotoka kwenye shimo, hapo panapumua. Fuata bomba chini, kwenye kona linapopinda kupita chini ya injini. Hapo ndipo matope hukaa na kutu hula. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinatoa sauti butu na wakati mwingine kinabonyea. Malizia kwenye kiungo cha bomba na tumbo, na kwenye mishono ya tumbo lenyewe.

Kisha sabuni. Changanya sabuni ya unga na maji kwenye chupa ya kupulizia, puliza kwenye viungo vyote injini ikiwa baridi kabisa, halafu washa. Mapovu yatakuonyesha. Una dakika moja hivi kabla bomba halijapata moto na kuyakausha.

Kama bado huoni, chukua kitambaa kinene kilicholoa maji, vaa glovu, na uzibe mdomo wa nyuma wa ekzosi sekunde mbili au tatu injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kuongezwa mafuta. Ekzosi isiyovuja itaikaba injini mpaka itake kuzima. Ekzosi inayovuja itaendelea kunguruma huku moshi ukipiga mluzi mahali fulani. Unaweza pia kupitisha kipande cha karatasi ya chooni kwenye ncha ya waya karibu na kila kiungo na kuangalia kinapopeperuka. Usitumie udi wala kiberiti kwa kazi hii, petroli iko karibu mno.

Dalili nyingine ni kupiga risasi unapoachia mafuta kwenye mteremko. Mafuta yakifungwa, bomba hubaki na mvuto kidogo kati ya mlipuko na mlipuko. Kama kuna tundu karibu na hedi, hewa ya nje inaingia, inakutana na petroli ambayo haijaungua ndani ya bomba lenye moto, na inalipuka. Watu wengi hapa hukimbilia kabureta. Tafadhali usiguse skrubu ya kabureta mpaka ekzosi imeziba, la sivyo utaharibu kitu kilichokuwa kizima na baadaye hutajua kipi kilikuwa kibaya.

Jihadhari na tundu moja usilopaswa kuliziba. Chini ya tumbo la ekzosi nyingi kuna kitobo kidogo, milimita mbili au tatu, kilichotobolewa kiwandani. Ni cha kutolea maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji, na kwa safari fupi fupi, sokoni na kurudi, stendi na kurudi, maji hayo hayapati muda wa kukauka. Yanakaa ndani ya tumbo na kulila kutoka ndani. Nimeona vitobo hivyo vikizibwa kwa welding na mafundi waliodhani wanamsaidia mteja. Kama chako kimezibwa na kutu, kizibue kwa waya.

Fungua nati bila kukata stadi

Hapa usiwe na haraka. Mimi nilikata stadi yangu ya kwanza kwa sababu nilikuwa na safari mchana huo, nikaminya spana kwenye nati iliyoganda, nikaisikia inalegea laini kama siagi, nikafurahi. Haikuwa nati iliyolegea. Ilikuwa stadi inajisokota, na ilikatika ndani ya hedi. Safari haikufanyika, na hedi ilikaa nje siku tatu.

Jioni kabla ya kazi, sugua nyuzi zinazoonekana za stadi kwa brashi ya waya, kisha dondoshea mafuta ya kulegeza kutu. Dawa ya kopo ya dukani ni bora. Dizeli si kali kama hiyo lakini ukiiacha usiku kucha inasaidia. Rudia asubuhi.

Tumia spana ringi au soketi yenye pembe sita, isiwe spana mdomo. Nati ya namba 10 maana yake stadi ni ya milimita 6. Ya namba 12 au 13, stadi ni ya milimita 8. Jaribu kwanza kukaza kidogo sana, robo ya robo, ili kutu ivunjike, ndipo ulegeze. Ikikubali, legeza nusu mzunguko, rudisha robo, dondoshea mafuta, endelea hivyo. Ukisikia inakuwa ngumu tena, rudi nyuma. Usilazimishe.

Ikigoma kabisa, tumia moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na hiyo ndiyo faida yako ikiwa stadi imeganda kwenye hedi: ukipasha hedi kuzunguka stadi, alumini inaiachia. Lakini moto na petroli haviwekwi pamoja. Funga koki, toa tangi lote ulipeleke mbali, mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta, subiri mvuke uishe, weka ndoo ya mchanga karibu. Pasha kwa tochi ya gesi ukiizungusha, usikae sehemu moja. Tone la maji likidondoka na kurukaruka hapo hapo, joto linatosha. Kwa nati iliyoganda kwenye stadi, pasha nati yenyewe, kisha iguse kwa mshumaa. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani ya nyuzi, inalainisha pale ambapo mafuta hayakufika.

Nati zikishatoka, fungua bolti ya nyuma na uteremshe ekzosi nzima. Kwenye baadhi ya Honda za zamani kuna vipande viwili vya nusu mwezi chini ya flanji. Vikidondoka, viokote mara moja, ndivyo vinavyolibana bomba.

Kama stadi imekatika

Ikiwa kipande kimebaki nje hata milimita tano, una bahati. Kama kipande kinatosha nati mbili na nyuzi zake bado zinafaa, vika nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha geuza ile ya ndani kulegeza. Kama nyuzi zimelika, fundi welding anaweza kuchomelea nati juu ya kipande hicho. Joto la welding lenyewe husaidia kuiachia.

Ikikatika usawa wa hedi, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, toboa kwa keekee ya milimita 3, halafu 4, halafu 5, ukinyoosha sawasawa. Tundu la milimita 5 ndilo la kukatia nyuzi za stadi ya milimita 6. Ukipinda, utakula alumini, na hapo itabidi uweke nyuzi za kupachika, zile za waya uliosokotwa ambazo mafundi huziita helikoili. Zinashika vizuri, wakati mwingine kuliko nyuzi za mwanzo. Nisichokushauri ni kile chuma cha kung'olea stadi chenye ncha ya kusokota, kwa saizi hii ndogo. Ni chuma kigumu mno. Kikikatikia ndani, keekee ya kawaida haikitoboi tena. Kama mkono wako haujazoea keekee, toa hedi uipeleke karakana yenye mashine ya kutobolea. Gharama yake haifiki bei ya hedi mpya.

Gasketi

Safisha tundu la hedi na uangalie kwa tochi. Mara nyingi gasketi ya zamani imejibana ndani na kufanana kabisa na alumini, kiasi kwamba watu huweka mpya juu yake, na pikipiki inakuwa na gasketi mbili, wakati mwingine tatu, zote zinavuja. Pitisha ncha ya msumari uliokunjwa pembeni. Ukihisi ukingo, hiyo ni gasketi. Ing'oe taratibu, bila kukwaruza hedi.

Kabla ya kukwangua, toa plagi, weka kidole kwenye tundu lake, sukuma kiki polepole mpaka uhisi upepo unakisukuma kidole, simama pistoni ikifika juu. Hapo vali ya moshi imefungwa na uchafu hautaingia ndani ya silinda.

Chukua gasketi ya zamani uende nayo dukani. Kariakoo au kwenye duka la mtaani kwako, muuzaji atakupa inayofanana akiiona kwa macho. Ukimtajia jina la pikipiki tu, unaweza kurudi na ya kipenyo kingine. Ya shaba tupu inaweza kutumika tena kama haijapasuka: ipashe mpaka iwe nyekundu hafifu, itumbukize majini, isugue. Shaba iliyopashwa hivyo hurudi kuwa laini na kubonyea upya. Ile ya nyuzinyuzi iliyofunikwa bati laini ni ya mara moja, itupe.

Kuhusu gundi nyekundu ya silikoni, ninajua inapendwa. Haifai hapa. Nyingi huhimili takribani nyuzi 300 za selsiasi, na moshi unaotoka kwenye tundu la hedi injini ikivuta mzigo huzidi 500. Itaungua, itadondoka vipande, na utarudi pale pale.

Bomba lenyewe

Weka flanji juu ya kioo au marumaru. Ikipepesuka imepinda, kwa sababu kuna mtu aliikaza upande mmoja. Inyooshe kwa nyundo juu ya chuma tambarare, malizia kwa tupa. Angalia pia shingo ya bomba pale inapokaa kwenye gasketi: ikiwa na ufa, ichomelewe sasa.

Kwa matundu ya kutu, kata mpaka ufikie chuma kizima, sugua kutu na rangi yote sentimita mbili kuzunguka, kisha weka kiraka kikubwa kuliko tundu. Bati la bomba ni jembamba, kwa hiyo mwambie fundi atumie fimbo nyembamba na achome nukta nukta, au achomelee kwa gesi na shaba. Kiraka kikatwe kwenye ekzosi nyingine iliyokufa. Kamwe kisikatwe kwenye bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, ikichomwa inatoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na baridi usiku huo. Na ekzosi ichomelewe ikiwa imetolewa kwenye pikipiki, maana umeme wa welding ukipita kwenye fremu unaweza kuua CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoipa plagi cheche.

Ukiwa njiani na huna fundi, kopo la soda lililokatwa na kuzungushwa mara tatu, likabanwa kwa klipu mbili za hosi, litakufikisha nyumbani kama tundu liko katikati ya bomba. Karibu na hedi usijaribu, alumini hiyo haitahimili joto. Kwenye kiungo cha bomba na tumbo, simenti ya ekzosi inafaa kabisa: paka kwenye chuma kisafi, unganisha, kaza klempu, acha ikauke, kisha washa injini ikae sailensi dakika kumi kabla ya kuiendesha.

Rudisha, kwa mpangilio huu

Mpangilio una uzito kuliko nguvu ya mkono.

Bandika gasketi kwenye tundu la hedi kwa grisi kidogo isidondoke. Paka grisi ya shaba kwenye stadi, na kama unaweza, nunua nati mpya za shaba ya njano, hazigandi kwa kutu. Inua ekzosi, ingiza shingo, vika nati kwa vidole tu. Ingiza bolti ya nyuma kwa vidole tu. Sasa achia mikono na uangalie. Bomba linapaswa kukaa lenyewe, shingo imeingia sawa kwenye gasketi, tundu la breketi likitazamana na tundu la fremu bila wewe kusukuma. Kama unalazimika kulivuta ili bolti ya nyuma iingie, simama hapo. Nyoosha breketi, au jaza nafasi kwa washa (kile kipete bapa cha chuma), mpaka ikubali. Ukilazimisha leo, mvuto huo utakaa kwenye stadi usiku na mchana.

Likikaa, kaza nati za mbele kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule, flanji ikienda sambamba. Stadi ya milimita 6 inataka takribani Nm 10. Kama huna spana ya kupimia, fikiria spana yenye urefu wa sentimita 10 ikiwa na ndoo ya lita 10 za maji mwishoni. Ni kidogo kuliko mkono wako unavyotamani. Kisha kaza klempu ya kati, na mwisho kabisa bolti ya nyuma, hiyo uikaze vizuri na washa ya springi.

Washa, iache ipate moto, zima, subiri ipoe kabisa, kaza nati za mbele tena. Gasketi mpya imejibonyeza na zitakubali kidogo. Rudia baada ya kilomita 100, injini ikiwa baridi, na hapo hapo tikisa tumbo la nyuma kwa mkono.

Asubuhi inayofuata rudia jaribio la mwanzo: nje, injini baridi, sekunde 30, karatasi ya chooni kwenye waya. Ikitulia mbele ya flanji, sasa unaweza kugusa kabureta, kama bado kuna sababu ya kuigusa.